Mwalimu Hakuwa Mnene

Kila ifikapo Oktoba 14, Mwalimu Nyerere hunenepa. Tangu asubuhi simu zinajaa vipande vya hotuba zake za zamani, vituo vya televisheni vinarudia kumbukumbu, na kwenye mabango ya maadhimisho anatokea mtu mwenye mashavu mapana, kichwa bapa na mabega ya mpagazi wa pembe za ndovu. Waliomwona kwa macho wanajua alikuwa mwembamba, ujanani hadi uzeeni. Sisi wa Tabora, mji aliosomea kuanzia 1937 hadi 1942, tulipaswa kuwa wa kwanza kulalamika. Badala yake tunazichapisha picha hizo hizo kwenye steshenari za mjini, tunazitia laminesheni na kuzitundika ofisini.

Aliyemnenepesha ni rimoti. Hotuba zake zilirekodiwa enzi ambapo kioo cha televisheni kilikuwa na sehemu nne za upana kwa sehemu tatu za kimo, yaani 4:3. Televisheni za leo ni 16:9. Ukiichukua picha ya umbo la kwanza ukailazimisha ijaze umbo la pili, upana unaongezeka kwa theluthi moja na kimo kinabaki vile vile. Uso wenye upana wa sentimita 15 unakuwa wa sentimita 20. Fikiria jirani yako wa karibu akiongezwa theluthi ya upana usiku mmoja bila kuongezwa hata kidogo cha urefu. Utampita barabarani bila salamu.

Makala hii inawahusu wanaochukua picha kutoka kwenye televisheni, DVD na kanda za video: mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi waone msafara ulivyotembea, kijana anayeandaa bango la wageni wanaokwenda Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, familia inayotafuta sekunde chache za marehemu babu kwenye mkanda wa harusi. Wengi hudhani kusafisha picha ni kuing'arisha. Mimi nasema kusafisha ni kuondoa kilichowekwa na mashine baada ya kamera kumaliza kazi yake, na kuacha kilichoonwa na kamera hata kama hakipendezi. Kinachoanza kabla ya rangi, kabla ya mwanga, kabla ya yote, ni umbo.

Njia nyepesi ya kugundua kwamba umbo limepotoshwa ni kutafuta duara. Gurudumu la baiskeli, saa ya ukutani, mdomo wa ngoma, sahani: vitu hivi havinenepi. Kwa wanaofuatilia historia ya mji wetu kuna duara moja zuri kuliko yote, nayo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa hapa hapa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia za kuleta fedha kutoka kwao. Upande mmoja ina tembo. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta, na filamu za kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki haziachi kuionyesha. Ikitokea kwenye kioo ikiwa na umbo la yai lililolala, huna haja ya ushahidi mwingine. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, izungushie kisanduku sarafu hiyo, soma pikseli za upana na za kimo. Ukipata 400 kwa 300, picha imevutwa kwa theluthi, ugonjwa ule ule wa Mwalimu. Ukipata 300 kwa 400, mambo ni kinyume: picha pana imebanwa ndani ya fremu nyembamba. Angalizo moja tu, sarafu iwe imeielekea kamera. Duara lililoinama huonekana yai kihalali kabisa, na mtu mwenye haraka atalinyoosha duara huku akipinda kila kitu kingine kwenye fremu.

Umbo la 4:3 limetangulia televisheni kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison huko Marekani, alitumia filamu ya upana wa milimita 35 na kuipa kila fremu kimo cha matundu manne ya pembeni. Uwiano uliotoka ulikaribia 1.33. Sinema zilipoanza kusema, njia ya sauti ikala nafasi pembeni mwa picha, na mwaka 1932 Hollywood ikatulia kwenye 1.37, tofauti ambayo jicho halisumbuki nayo. Televisheni ilipofika ikalirithi umbo hilo. Ndipo wenye majumba ya sinema wakaona watu wanabaki nyumbani, wakatafuta kitu ambacho nyumbani hakipo: upana. Mwaka 1953 Twentieth Century-Fox ikatoa filamu ya The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, picha yenye upana wa zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo chake. Kuanzia hapo sinema zikaenda njia zao, nyingine 1.66, nyingine 1.85, nyingine 2.35 na kuendelea, na televisheni ikabaki na nne kwa tatu yake.

Aliyekuja kusuluhisha ni mhandisi Mmarekani, Kerns Powers, katika miaka ya 1980. Alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, akaipa yote eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja. Mstatili wa nje ulioizunguka yote, na ule wa ndani ulioingia kwenye yote, ilikuwa na uwiano mmoja: karibu 1.77. Hiyo ndiyo 16:9. Kwa hiyo kioo kilicho sebuleni kwako ni mapatano. Filamu za zamani zitabakiza weusi kushoto na kulia, sinema pana zaidi zitabakiza weusi juu na chini, na hakuna atakayeumia sana. Weusi huo ni sehemu ya mkataba. Tatizo ni kwamba mteja hakuambiwa.

Barabara yetu ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Unyanyembe, yaani hapa kwetu, imeigizwa kwenye maumbo haya yote. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley, sehemu ya picha zake za nje zikiwa zimepigwa Afrika Mashariki. Ni nyeusi na nyeupe, ya uwiano wa 1.37. Mwaka 1971 BBC ikaonyesha The Search for the Nile, tamthilia ya vipindi sita ambayo sauti ya msimulizi ni ya James Mason. Ndani yake wamo Burton na Speke, waliofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, na wamo Stanley na Livingstone. Hiyo ni ya rangi, na ni 4:3 kwa sababu televisheni ya wakati huo haikuwa na umbo jingine. Kisha mwaka 1990 ikaja Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, habari za Burton na Speke tena, sinema pana ya majumba ya sinema. Anayetaka kuweka picha kutoka kazi hizi tatu kwenye bango moja atakuwa na mistatili mitatu isiyolingana, na kishawishi cha kwanza kitakuwa kuilinganisha kwa nguvu. Usiilinganishe. Ipe kimo kimoja na uache upana utofautiane. Macho ya watazamaji hayana shida na hilo.

Sasa twende sebuleni, kwa kuwa picha nyingi zinaharibikia huko. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na miji mingine ikafuata. Ving'amuzi vikaingia kwenye nyumba ambazo bado zilikuwa na TV za chogo. Fundi aliyekuja kufunga alikiweka king'amuzi kwenye 4:3, na alifanya sawa, kwa sababu kioo kilikuwa cha 4:3. Miaka ikapita, chogo likaenda stoo, ikanunuliwa flati, king'amuzi kikaendelea na mpangilio wake wa zamani. Kipindi kipana kikifika, king'amuzi kinakipunguza na kukiwekea mistari myeusi juu na chini ili kienee kwenye chogo ambalo halipo tena, halafu flati nayo inavuta matokeo hayo ijaze kioo. Ndiyo maana unakuta nyumba ambamo watu ni wanene na mistari myeusi ipo vile vile. Mashine mbili zimerekebisha picha moja, kila moja bila habari ya mwenzake.

Dawa yake ni kukiweka king'amuzi kwenye 16:9 na kuiambia flati isiguse chochote. Menyu huita chaguo hilo kwa majina tofauti, lakini lipo. Kisha acha 4:3 ionekane na weusi wake wa pembeni: kwenye kioo cha pikseli 1920 kwa 1080, picha yenyewe inachukua 1440 na kila upande unabaki na 240. Baa na vibanda umiza havitakubali ushauri huu. Hoja ya pale ni kwamba kioo kimelipiwa chote, kwa hiyo kijae chote, na mchezaji akionekana kama gunia si neno mradi goli limeonekana. Sibishani na watu wanaoangalia mpira. Nabishana na anayepiga picha kioo hicho akaiweka kwenye kitabu.

Hata ukikwepa sebule na kwenda moja kwa moja kwenye DVD au faili, kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wenye kompyuta nzuri. Mwaka 1982 ulipitishwa mpango wa kimataifa wa kuigeuza televisheni kuwa tarakimu, na kila mstari wa picha ukapewa pikseli 720. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu, mistari inayoonekana ni 576. Gawa 720 kwa 576, unapata 1.25. Hiyo si 4:3, wala si 16:9. Umbo lolote kati ya hayo mawili linaweza kuwa limehifadhiwa humo, na maagizo ya kulitanua yamefichwa ndani ya faili. Programu ya kuchezea video inayafuata maagizo hayo. Programu ya kunasa fremu mara nyingi inayapuuza na kukupa 720 kwa 576 tupu, kwa sababu yenyewe inadhani kila pikseli ni mraba. Picha ya 4:3 ikitoka hivyo, watu wanakonda kidogo. Ya 16:9 wanakonda mno.

Marekebisho yake hayahitaji ubunifu. Fremu ya 4:3 ipanue hadi 768 kwa 576, ya 16:9 hadi 1024 kwa 576. Mafundi makini zaidi huanza kwa kukata pikseli nane kila upande, kwa kuwa picha ya kweli haifiki hadi ukingoni, wanabaki na 704 ndipo wanapanua hadi 768. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kama asilimia mbili, na kwa bango la shule haina maana, ila kwa anayepima duara ina maana. VCD zilizojaa masokoni miaka ya 2000, ambazo ndizo zilizobeba filamu nyingi za Kibongo na harusi nyingi za mitaani kwetu, zina 352 kwa 288. Zinyooshe hadi 384 kwa 288. Ni ndogo, ndiyo. Hakuna kingine kilichobaki cha harusi hizo.

Lakini kabla ya kupanua kuna jambo moja ambalo mpangilio wa kazi haulisamehe, nalo ni meno. Televisheni ya zamani haikutuma picha nzima kwa mara moja. Ilituma kwanza mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kisha sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye ikatuma ya pili, ya nne, ya sita. Kwenye chogo macho yaliunganisha bila kutambua. Ukiisimamisha fremu kwenye kompyuta, nusu hizo mbili zinaonekana pamoja ingawa ni za nyakati mbili, na chochote kilichokuwa kikisogea kinaota meno kama kitana. Chukua hotuba maarufu ya Mwalimu ya Mei Mosi ya Mbeya, 1995. Uso wake ukitulia ni safi. Mkono anaounyanyua kusisitiza hoja umekatika vipande vipande vya ulalo. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, ina chaguo la kuondoa meno hayo wakati wa kucheza. Liwashe kabla ya kunasa. Kama faili tayari imenaswa, tupa nusu moja ya mistari na uiache programu ijaze nafasi kwa kukadiria kati ya iliyobaki. Unapoteza ukali kidogo na unarudishiwa mkono. Ila fanya hivyo fremu ikiwa bado na mistari yake 576. Ukishabadilisha kimo chake, meno yanayeyuka ndani ya picha na kuwa ukungu usiotenganishika tena. Picha nyingi za mitandaoni zimefia hapo.

Wala usiondoe meno yasiyokuwepo. Kazi iliyopigwa kwa filamu, kama ile ya BBC ya 1971, kwa kawaida haina tatizo hili, maana kila fremu ya filamu ilitolewa nusu zote mbili kutoka wakati mmoja ule ule. Ukiilazimishia dawa ya meno unatupa nusu ya picha nzima bila sababu. Kagua kwanza kitu kinachokwenda kasi, mguu wa mpagazi au mkia wa punda, ndipo uamue.

Kanda za VHS zina lake. Chini kabisa ya fremu kuna mistari michache iliyovurugika, inayocheza kushoto na kulia; kwenye chogo ilifichwa na ukingo wa kioo, kwenye kompyuta inatoka uchi. Ikate. Ukishaikata acha picha ipungue kimo, usiivute kujaza pengo, la sivyo unarudi kwa Mwalimu mnene kwa mlango wa nyuma. Kuhusu chenga, ipo njia ya halali ambayo wachache wanaitumia. Kama kamera ilikuwa imetulia, mathalani inaonyesha jengo au mtu aliyekaa kimya, nasa fremu kadhaa zinazofuatana na uzipatie wastani. Chenga hubadilika kila fremu, ukuta haubadiliki. Fremu nne zinapunguza chenga hadi nusu, kumi na sita hadi robo, na hakuna hata pikseli moja iliyobuniwa.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna waya wala programu. Tuna simu, na kipindi kiko hewani sasa hivi. Basi funga mapazia na uzime taa, kwani dirisha likijitokeza juu ya uso wa mtu hutaliondoa kamwe. Rudi nyuma, kisha vuta kwa lenzi, badala ya kusogea karibu. Simu iwe usawa wa katikati ya kioo, si usawa wa macho ya mtu aliyesimama mbele ya TV iliyowekwa chini. Kwenye chogo, kasi ya kamera ikizidi utapata mwambaa mweusi unaokata picha. Ipunguze hadi sehemu moja ya 25 ya sekunde, muda unaotosha nusu zote mbili kupita, na uegemeze simu kwenye kitu. Kwenye flati adui ni mawimbi ya rangi yanayotokea pikseli za kioo zikigongana na za kamera. Sogea mbele au nyuma hatua moja, mara nyingi yanatoweka.

Picha itakuwa imepinda, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine. Watu huinyoosha kwa programu za kuskani hati, na zinanyoosha vizuri kweli. Kosa la programu hizo ni kwamba nyingine hudhani kila kitu duniani ni karatasi ya A4. Ukimaliza kunyoosha, angalia kama kioo cha TV bado ni 16:9. Unajua umbo la kioo, kwa hiyo una kipimo mkononi.

Rangi nitaipitia haraka. Picha iliyopauka, ambayo nyeusi yake ni kijivu na nyeupe yake imefifia, mara nyingi haijapauka kwa uzee. Video huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235, kompyuta huhesabu 0 na 255, na aliyenasa hakutafsiri moja kwenda nyingine. Peleka 16 kwenye 0 na 235 kwenye 255, picha inaamka. Jiepushe na kitufe cha kurekebisha chenyewe kwa mguso mmoja. Mara nyingi kinakuta uso mweusi umejaa fremu, kinadhani mwanga haukutosha, kinauchubua. Nimeona wazee wa Unyanyembe waliotoka kwenye kitufe hicho wakiwa na rangi ambayo hakuna aliyewahi kuwa nayo kwenye ukoo wao.

Kubwa kuliko yote kwa sasa ni akili unde. Unaipa uso wa pikseli 40, inakurudishia uso wa pikseli 400 wenye kope, vinyweleo na macho yanayong'aa. Umetoka wapi ukali huo? Programu imefunzwa kwa nyuso nyingi mno na inajaza kwa makadirio ya nyuso hizo. Mwalimu Nyerere, kwa desturi ya Wazanaki, alichongwa meno ya mbele ya juu. Ni alama yake, inaonekana akicheka. Ipe programu ya namna hiyo fremu ya hotuba ya zamani na ina kila sababu ya kumpa meno ya tangazo la dawa ya mswaki, yaliyonyooka mstari mmoja, kwa kuwa meno iliyoyazoea kuyaona ni hayo. Chale za usoni na ndonya zinaingia kwenye hatari hiyo hiyo. Mji kama wetu, ambao sehemu kubwa ya picha za watu wake wa kale ni ndogo na mbovu, ndio utakaopoteza zaidi kwa usafi wa aina hii, maana kilichochongwa na kuchanjwa kinasomwa na mashine kuwa uchafu. Kama ni lazima uitumie, itumie kwenye ukuta na mwembe, si kwenye uso, na uandike kwamba umeitumia.

Nembo ya kituo kwenye kona je? Iache. Inaziba kidogo, lakini inasema picha ilitoka wapi, na kuifuta ni kufuta jina la mwenye mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na mwalimu anayetumia fremu moja darasani hayuko sawa na anayeuza kalenda. Mstari wa habari unaopita chini ya kioo unaweza kuukata ikiwa hauna kitu, lakini soma kwanza. Mara nyingine ndio pekee unaokupa tarehe.

Simu imeleta umbo la mwisho, 9:16, televisheni iliyosimamishwa kwa ubavu. Picha pana ikiwekwa humo nzima inachukua pikseli 607 tu kati ya 1920 za kimo, chini ya theluthi moja. Kwa hiyo watengenezaji wa video fupi hukata katikati wakatupa pembeni. Jaribu na kukutana kwa Stanley na Livingstone kule Ujiji mwaka 1871. Kila mwongozaji anaweka wanaume wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia, kofia mikononi, umati nyuma, na pengo kati yao ndilo linalobeba uzito wa tukio. Ukikata katikati unapata pengo. Ukikata pembeni unapata Mzungu mmoja anamsalimia mtu asiyeonekana. Afadhali fremu nzima ikae juu na maneno yako yakae chini.

Kazi ikiisha, hifadhi kwa PNG, na ile fremu ya asili isiyoguswa ibaki kando yake. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ikienda kama picha inabanwa upya, na ukali uliousumbukia unabaki njiani. Kwenye steshenari, kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi, fremu ya 768 inatoa picha yenye upana wa sentimita sita na nusu. Fundi ataiona ndogo na atataka kuivuta ijaze A4, ambayo si 4:3, kwa hiyo Mwalimu ataongezeka tena asilimia sita. Mwambie aiweke katikati ya karatasi, aache weupe pande zote, na chini yake aandike kituo, kipindi na tarehe.